Wembe na Kidonge Kisicho na Mstari

Jina la Wembe alipewa na wagonjwa, naye hakulikataa. Miaka ishirini na saba alisimama nyuma ya dirisha la dawa la hospitali moja ya serikali, koti jeupe, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, na mkononi kijiwembe alichokifunga kitambaa upande mmoja. Ukiandikiwa nusu kidonge, kwake ulipata nusu kweli. Alikilaza kidonge kwenye kigae cheupe, akaegemeza makali juu ya ule mstari wa katikati, akabonyeza mara moja, na vipande viwili vikaachana bila hata chembe ya unga. Wazee waliozoea kukata vidonge vyao nyumbani kwa kisu cha vitunguu walimtazama wakatikisa vichwa. "Huyu bwana vidole vyake vina macho," walisema.

Sifa zikamkaa. Na mgema akisifiwa, unajua mwenyewe tembo linapata nini. Wembe akawa mtu wa kutoa dawa bila kutoa maneno. "Moja asubuhi, nusu jioni, baada ya kula. Anayefuata!" Mgonjwa akithubutu kuuliza dawa hii inafanya nini mwilini, Wembe alishusha miwani zaidi, akamtazama juu yake. "Inafanya kazi. Au unataka kuja kukaa huku ndani, mimi nije nikae huko?" Foleni ikacheka, muulizaji akaondoka na bahasha yake na aibu yake.

Nikwambie siri moja ambayo yeye asingekwambia. Mara nyingi hakujibu kwa sababu hakuwa na jibu. Alisomea kazi ile zamani sana, na alichokijua alikijua kwa mikono: rangi ya kidonge, rafu yake, kopo lake, nani hapewi na kwa nini asipewe. Hayo yalimtosha, na kwa miaka mingi yaliwatosha wengine pia.

Nyumbani alikuwa na mgonjwa mmoja tu, mkewe, fundi cherehani, mwenye presha ya mwaka wa kumi na mbili sasa. Wembe hakuwa mtu wa maneno matamu. Sidhani kama aliwahi kumwambia mkewe kwamba kapendeza, hata siku ya harusi yao. Lakini kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimkatia kidonge chake mezani, akamwekea nusu kwenye kisosi pembeni ya kikombe cha chai, na nusu ya jioni akaifunika na kizibo. Mkewe hakuwahi kuuliza ni dawa gani. Alinyoosha kiganja, akapokea, akameza. Hapo ndipo Wembe alipojiona mume.

Basi akaletwa mfamasia mpya, binti wa miaka ishirini na sita, mfupi, mwenye sauti ya kubembeleza na shahada yake ya chuo kikuu. Siku ya kwanza alimwamkia Wembe vizuri tu, "Shikamoo mzee wangu," na Wembe akaitikia marahaba kama anayetema punje ya mchanga. Likafunguliwa dirisha la pili kwa ajili yake.

Binti hakukaa nyuma ya dirisha. Alitoka nje, akavuta viti viwili vya plastiki kutoka kwenye foleni, akaanza kuwaeleza watu. "Dawa ukiimeza inashuka tumboni, inapita utumbo, inaingia kwenye damu. Kabla haijafika mbali inapita kwenye ini, na ini lina tabia ya kukagua mizigo, linapunguza kidogo. Inayobaki inazunguka mwili mzima. Lakini haikai popote ilimradi imefika. Inatafuta kiti chake, kama hiki." Akakigonga kiti. "Kuna dawa ikikaa inaamsha kazi. Kuna nyingine ikikaa inanyamaza tu, ili anayesumbua akija akute pamejaa. Wewe mama, yako ni ya kunyamaza."

Yule mama akacheka. "Kumbe nimemkalisha mlinzi!"

"Umemkalisha mlinzi. Sasa nirudishie maneno yangu. Unameza lini, na nini usifanye?"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Hakumwachia mtu bahasha mpaka amrudishie maneno. Akikosea, alimweleza upya, na akikosea tena, alimweleza tena, bila kununa. Wembe aliyasikia yote kutoka dirishani kwake na kila neno likamchoma. Akamnong'oneza karani wa mapokezi, "Ona, famasi imegeuzwa ukumbi wa harusi. Bado ngoma." Karani hakucheka. Karani naye alikuwa anasikiliza habari za ini.

Kipya kinyemi, Wembe alijiambia. Wiki mbili, watachoka. Wiki mbili zikapita, miezi miwili ikapita, na foleni ya binti ikafika mlango wa maabara, huku mbele ya dirisha la Wembe sakafu inang'aa tupu. Akawa anaita, "Huku kuna nafasi!" Watu waliinamisha vichwa wakatazama viatu vyao. Siku moja mzee ambaye Wembe alimkatia vidonge kwa miaka tisa akamjibu kwa upole, "Tunamsubiri binti, bwana Wembe. Wewe pumzika."

Pumzika! Neno lile alilala nalo, akaamka nalo. Alikuwa na wivu, tusipindishe maneno. Alimwonea wivu sauti yake, viti vyake, hata ile kalamu yake ya bluu ambayo haikuisha wino. Na kwa kuwa hawezi mtu kwenda kwa mkubwa wa hospitali akashtaki kwamba mwenzake anapendwa, wivu ukakaa ndani ukala humohumo.

Sasa sikiliza makosa yanavyozaliwa. Zilikuja shehena za dawa mpya ya presha, ya kuchukua nafasi ya ile ya zamani iliyokuwa ikikatwa nusu kwa nusu. Binti akawaita wafanyakazi wote wa famasi asubuhi, dakika kumi tu, awaeleze. Wembe akachukua kikombe chake akatoka kwenda kunywa chai. "Mimi nimegawa dawa za presha wewe ukiwa unatambaa," alisema, si kwa binti, bali kwa ukuta wa korido. Aliporudi kikao kimekwisha. Hakuuliza, na makasha hakuyasoma, akaingia stoo kuyapanga.

Akiwa bado stoo, mkewe alifika kliniki. Siku zote alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la mumewe, akahudumiwa bila foleni, kichwa juu kama mke wa waziri. Siku hiyo dirisha lilikuwa tupu. Binti akamwona amesimama, akamkaribisha.

Jioni Wembe alimkuta mkewe sebuleni, cherehani kimefunikwa, na kiti kimoja cha mezani kimewekwa katikati ya chumba.

"Kaa pale nikuoneshe," mkewe alisema, macho yanameta. "La, usikae. Hicho ni kiti cha dawa."

"Nini?"

"Baba watoto, hivi unajua mishipa ina milango midogo midogo? Ikifunguka ovyo mshipa unajibana, presha inapanda. Dawa yangu inakwenda kuegemea mlango, basi mshipa unalegea, damu inapita kwa raha. Miaka kumi na mbili nameza sijui! Yule binti ana kipaji."

Wembe alivua viatu polepole. Kila siku mke huyu alimpokea kwa kuuliza habari za kazini, na leo alikuwa anamsomesha kazi yake mwenyewe. "Ana kipaji cha kuhamisha viti," alisema.

"Na amenipa dawa mpya. Moja tu kwa siku. Kizima, hakikatwi, hakitafunwi."

Katika yote ambayo Wembe aliyasikia tangu binti yule afike, neno lile *hakikatwi* ndilo lililoingia ndani kabisa. Wagonjwa wa nje wamekwenda, sawa, lakini hata kisosi cha asubuhi? Alikula chakula chake, na mkewe akakirudisha kiti mahali pake.

Asubuhi mkewe alitoa kidonge kwenye bahasha. Kilikuwa cha waridi, kikubwa kuliko kile cha zamani, kinang'aa, na hakikuwa na mstari katikati. Juu ya bahasha binti alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: KIZIMA. Mke akakitia mdomoni, akanywa maji, akakohoa, kidonge kikarudi kiganjani. Koo lake lilikuwa hivyo tangu zamani. Akajaribu tena, kikarudi tena.

"Lete," Wembe alisema.

"Binti alisema kisikatwe."

"Binti, binti! Binti amekuoa? Nani amekupa dawa miaka yote? Umewahi kudhurika?"

"Sijawahi."

"Basi lete."

Akakiweka kwenye kigae, akaegemeza wembe, akabonyeza. Makali yakateleza. Akabonyeza tena, kidonge kikaruka mpaka ukingo wa meza. Mara ya tatu kilipasuka vibaya, kipande kikubwa na kipande kidogo, pembe zimevunjikavunjika. Tangu aanze kazi hakuwahi kukata kitu vibaya namna ile, tena mbele ya mkewe. Uso ukamwaka. Akachukua vijiko viwili, akaweka vile vipande kati yake, akasaga kwa nguvu mpaka pakabaki unga wa waridi. Akatia tone la maji.

"Haya. Hutakohoa."

Mkewe alikitazama kijiko. Akamtazama yeye. Akakitazama tena kijiko, akafungua mdomo. Wembe akaenda kazini akipiga mluzi, kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili.

Saa tatu kasoro jirani yao, fundi wa redio, aliingia hospitali akikimbia, nyuma yake wanaume wawili wamembeba mwanamke kwenye shuka. Wembe aliiona shuka kwanza, akaitambua, maana ilikuwa ya kitandani kwake. Mkewe alikuwa ameanguka pembeni ya cherehani, paji la uso limepasuka, midomo imepauka, jasho jembamba limemlowesha. Nesi akafunga mashine ya presha mkononi mwake, akasoma namba, akaifunga upya kwa sababu hakuiamini. Sabini na tano kwa arobaini.

Wakamlaza bapa, wakainua miguu yake juu ya mito miwili, wakamtundikia dripu. Daktari akauliza amekula nini, amekunywa nini, amemeza dawa gani. Aliposikia ni ile mpya, akaagiza mfamasia aitwe. Binti alikuja mbio.

"Mama, kidonge ulikimeza kizima?"

Macho ya mgonjwa yalifunguka kidogo. Yakamtafuta mumewe aliyesimama miguuni pa kitanda, yakamkuta, yakaondoka. "Nilikitafuna," alisema. "Kilinikwama, nikakitafuna mwenyewe."

"Lakini nilikueleza, mama. Na ulinirudishia maneno vizuri kuliko wote."

"Nilisahau, mwanangu. Uzee huu."

Binti akamgeukia daktari. "Kidonge kile kimetengenezwa kiachie dawa kidogo kidogo, mchana kutwa na usiku kucha. Ukikisaga, dawa ya siku nzima inaingia kwenye damu kwa mkupuo mmoja. Mishipa yote inalegea pamoja, damu inashuka chini, kichwa kinabaki hakina kitu." Kisha sauti yake ikapungua. "Kosa ni langu. Sikueleza vya kutosha. Nitaandika hivyo kwenye ripoti."

Na hapa siwezi kumficha Wembe, ingawa ningependa. Moyo wake ulifurahi. Mkewe amelala pale kama nguo iliyokamuliwa, naye kwa muda wa pumzi moja akamwona binti akiandika kosa lake kwa kalamu ile ya bluu, akaona foleni inarudi, wazee wanarudi, sakafu mbele ya dirisha lake inajaa viatu. Mlango alikuwa amefunguliwa na mkewe mwenyewe. Ilibaki anyamaze tu.

Nesi akasoma tena. Sabini kwa arobaini. Mkono wa mkewe uliteleza ukaning'inia nje ya kitanda, kiganja juu, vilevile alivyokuwa akikinyoosha kila asubuhi kupokea kidonge chake.

"Ni mimi," Wembe alisema. Hakuna aliyemsikia. Akasema tena kwa sauti iliyomshtua hata yeye. "Ni mimi niliyekisaga! Yeye hakutafuna kitu. Aliniambia kisikatwe, nikamgombeza, nikakisaga kwa vijiko. Futa hiyo ripoti."

Daktari alimtazama mtu huyu aliyetoa dawa kwa miaka ishirini na saba. Barua ya onyo ingekuja baadaye, na kweli ilikuja. Lakini binti hakusema neno la kumchoma. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Saa ngapi, mzee wangu?"

"Saa moja na nusu."

"Umehakikisha ni kidonge kimoja?"

"Kimoja."

Akahesabu kwa vidole. "Basi kimekwisha kuingia chote, na ini limeanza kazi. Dawa hii ikishaingia, kila baada ya saa mbili tatu nusu yake inatoka. Halafu nusu ya iliyobaki. Halafu nusu ya hiyo. Dripu ikimshikilia mpaka mchana, mwili wake wenyewe utamaliza. Mzee, unaweza kumpima kila robo saa uniandikie?"

Wembe akavuta kiti, kiti cha plastiki kilekile cha foleni, akakaa. Kila robo saa alifunga mashine, akabonyeza, akaandika. Sabini na nane. Themanini na mbili. Themanini. Themanini na nane. Katikati ya namba na namba hakuwa na kazi nyingine ila kujitazama, na alichokiona hakikumpendeza. Hata wivu hakuuona umekwisha. Daktari alipomwuliza binti jambo badala ya kumwuliza yeye, aliusikia ukimwasha bado, ingawa sasa ulikuwa nusu ya ule wa asubuhi.

Saa nane mchana mkewe alifungua macho sawasawa, akaomba maji, akalalamika kwamba mito imewekwa miguuni badala ya kichwani, hospitali gani hii. Wembe akacheka.

"Mama watoto. Kwa nini ulisema ulikitafuna?"

"Wangekufukuza."

"Ningestahili." Akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Mimi sikujua kitafanya hivi. Naapa. Nilidhani kidonge ni kidonge."

"Najua hukujua."

Kitu fulani katika ile *hukujua* kilimfanya ainue uso. Akakumbuka mkewe alivyokitazama kijiko, akamtazama yeye, akakitazama kijiko tena.

"Na wewe?" aliuliza. "Wewe ulijua?"

Mkewe aliangalia dari. "Binti alinieleza. Alisema kikisagwa kitatoka chote kwa mara moja, presha itaporomoka, naweza kuanguka. Nikamrudishia maneno yake, neno kwa neno."

"Ulijua, ukameza?"

"Nilidhani labda nitaona kizunguzungu tu. Sikudhani nitaanguka namna hii."

"Lakini kwa nini, mke wangu? Ungekipiga teke kijiko! Ungenitemea usoni!"

"Ulikuwa umekishika kwa mikono miwili," mkewe alisema. "Foleni nzima imekuhama, baba watoto. Nakuona unavyorudi jioni. Nikasema basi, angalau mimi nisitoke."

Robo saa ilikuwa imetimia. Wembe akaifunga mashine kwenye mkono wa mkewe, akabonyeza, akaitazama namba kwa muda mrefu, na hakuweza kuisoma kwa sababu miwani yake ilikuwa imeloa. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akamwita binti aje amsomee.